Kibla ya Mama Halima ilivyonipatia kusini ya darubini yangu

Wakuu, habari za jioni. Nitaeleza ilivyokuwa bila kuficha, hata zile sehemu zinazonionyesha mjinga.

Mimi ni msichana wa Njiru, Nairobi. Mambo ya anga nimejifunza mwenyewe kwa simu. Nina darubini ya kompyuta, second-hand, ile yenye mota ya kufuata nyota. Ugonjwa wangu ni mmoja: kitu kikiwa na kosa dogo, silali.

Mama yangu alikuja kutoka Bungoma kukaa nami wiki moja. Nikamwahidi kumwonyesha Mshtarii, yaani Jupiter, na miezi yake.

Jioni sita nilipanda naye kwenye rooftop. Jioni sita akashuka bila kuona kitu. Hakulalamika, na hiyo ndiyo iliniuma zaidi.

Kwa wasiojua: ili mota ifuate nyota, mhimili wa darubini lazima uelekee ncha ya anga, ile nukta ambayo nyota zote huonekana kuizunguka. Video zote nilizotazama ni za watu wa kaskazini, kwa hivyo nikaelekeza kaskazini kama wao. Lakini kompyuta nilikuwa nimeiambia niko Nairobi, ikajua tuko kusini mwa ikweta. Mota ikazunguka kinyume. Mshtarii ikatoroka haraka kuliko kama ningezima stima!

Nikageukia kusini. Huko hakuna nyota ya kukuongoza, maana kwetu ncha iko kama digrii moja tu juu ya upeo, nyuma ya maflati. Ikabaki dira. Nayo kila nikisogea hatua mbili, inabadilisha maneno.

Siku ya mwisho, mchana, Mama alikuwa ndani akipanga mzigo wake. Mimi niko juu na dira, karibu kulia. Jirani yetu Mama Halima akapanda kuanika nguo.

"Nekesa, mbona unazunguka hivyo? Umepoteza ng'ombe?"

Nikamweleza. Akacheka, akagonga vyuma vya nguzo vilivyoachwa vimechomoza kungoja floor nyingine.

"Na hivi je? Tulipohamia hapa, simu ilitupa kibla tatu kwa nyumba moja. Baba Halima akashuka hadi uwanjani, mbali na chuma, akapima huko, akalinganisha na jengo letu. Ukisimama hapa, kibla ni kona ya lile tanki jeusi kule ng'ambo. Tangu siku hiyo hatuulizi simu."

Nikatafuta: kutoka Nairobi, kibla iko kama digrii saba mashariki mwa kaskazini.

Nikamwomba kamba moja ya nguo. Tukaivuta sakafuni kuelekea tanki, yeye ameshika upande mmoja. Nikatoa digrii saba kwenda kushoto kwa protractor yangu ya shule, nikachora mstari kwa chaki. Kichwa cha mstari kaskazini, mkia wake kusini; mhimili wa darubini nikauelekeza upande wa mkia.

Hapo ugonjwa ukaamka. Je, Baba Halima alikosea digrii moja? Na tunapima kona ya juu ya tanki au ya chini?

"Kona ni kona, mwanangu. Nipe kamba yangu nianike."

Saa moja na nusu jioni Mama akainama kwenye eyepiece, kile kioo cha kuchungulia.

"Ni kama kuku na vifaranga," akasema. "Watatu wako huku. Huyu mmoja mbona ametoroka?"

"Huyo ndiye Nekesa," akajibu Mama Halima, aliyekuwa nyuma yake akingoja zamu.

Baada ya dakika kadhaa Mama akasema, "Imesogea kando kidogo."

Kumbe mstari si kamili! Nikanyoosha mkono nirekebishe.

"Nekesa, toa mkono. Bado naiona."

Nikatoa.

Wakuu, nilichojifunza ni hiki: usiamini dira karibu na chuma, na kama ni kutazama tu kwa macho, kusini ya karibu karibu inatosha. Nilipoteza jioni sita nikitafuta kusini kamili, na Mama hakuwa ameniomba kusini.

Asubuhi nimemsindikiza stage kupanda basi. Ule mstari wa chaki bado uko pale juu, na sijaurekebisha.

Wenye darubini huku Eastlands, nyinyi kusini mnaipataje? Mkiona nimekosea hesabu, nisahihisheni pole pole. Leo nina furaha.