Rangi Iliyobaki Bakulini

Jumanne, tarehe 11 Machi 2025, Kahama. Mawingu mazito tangu alfajiri, ila mvua hainyeshi.

Mzee wa stempu, mkaguzi wa stempu za kale ambaye meza yake ilipakana na ya Enock mnunua dhahabu, hakuwahi kutaja rangi ya stempu kabla hajaitoa juani na kukunja jicho moja. Kisha, kila mara, aliisugua ukingoni kwa pete yake ya fedha. Ikibaki alama ya kijivu, karatasi imepakwa chaki, na ya namna hiyo hailowekwi, maana rangi yake hukimbia. Siku hiyo Mama Paskalina alileta bahasha kuukuu yenye stempu ya zambarau.

"Shikamoo, mzee. Nataka kujua tu ni ya zamani gani. Marehemu baba aliibandika kwa mate yake mwenyewe."

"Marahaba, mwanangu."

Enock akadakia, "Mimi dhahabu naijua kwa kuitupia jicho. Wewe mpaka uombe jua?"

Wateja wakaangua kicheko. Mzee akatazama mawingu, akaiacha pete kidoleni, akakata kipande cha bahasha chenye stempu na kukitumbukiza kwenye bakuli la maji ili ibanduke aone nyuma yake. Maji yakageuka zambarau. Stempu ikabaki nyeupe kama ukucha.

"Mate ya baba," Mama Paskalina alisema polepole.

Mzee alificha mikono mapajani. Enock aliinamia mizani yake, ingawa haikuwa na kitu.

Asubuhi iliyofuata Enock alimwona mzee akielekea kwa Mama Paskalina, amekumbatia bakuli lile lile lililofunikwa kwa kitambaa, akitembea taratibu maji yale ya zambarau yasimwagike.