Mbuzi Mmoja wa Masomo Matatu

Siku ya mazishi kule Chwele, mpwa wangu alisoma historia ya marehemu. Jentrix alizaliwa hapa, akaokoka pale, akaolewa na Wangila, yaani mimi, akafundisha nasari Kitengela. Halafu akasoma, "Alipata cheti chake mwaka wa 2003," akaenda kwa nyimbo alizopenda. Mimi nilikuwa nimekaa mbele. Nikaona huyu kijana ameruka mbuzi mzima.

Wacha nimrudishe.

Jentrix alifundisha nasari miaka mingi bila cheti. Watoto walitoka wakijua kusoma, na hakuna mtu aliuliza. Mimi mwenyewe alinifundisha kusoma hapo, jioni, kwa ile chati ya herufi ya watoto. Halafu shule ikapata mkuu mpya. Mkuu akasema kufikia Januari asiye na cheti aende nyumbani.

Kwa hiyo akaingia chuo. Kilikuwa juu ya duka la mbao, chumba kimoja, walimu watatu. Mmoja alifundisha mambo ya jamii, mwingine biashara, mwingine sayansi. Walitumia meza moja na hawakusalimiana.

Kila mmoja akatoa kazi. Wa sayansi, Mwalimu Kisemei, Mmaasai wa Isinya, alitaka mnyama alishwe maganda ya jikoni na apimwe uzito. Mwisho wa muhula aletwe akiwa hai. Wa biashara alitaka kitu kiuzwe na faida ionekane. Wa jamii alitaka mnyama achinjwe, nyama igawiwe majirani wa makabila tofauti, iandikwe nani alipewa kipande gani na kwa nini.

Uwezo wetu ulikuwa mbuzi mmoja. Dume, mweupe.

Kisemei akaja kumwona. Akamzunguka, akamshika masikio, akasema, "Sawa. Na wa kulinganisha naye?"

"Wa nini?" Jentrix akauliza.

"Anayekula chakula kingine. Bila huyo si sayansi, mama."

Jentrix akaniangalia.

Tangu siku hiyo kila Jumamosi tulienda posho mill, kwa mizani ya kupimia mahindi ya kusagwa, mimi na mbuzi. Alipimwa yeye kwanza, halafu mimi. Watu wa foleni waliniuliza, "Mzee, leo unauzwa ama unasagwa?" Mbuzi alikuwa anapanda. Mimi nilikuwa nashuka, kwa sababu siku hizo Jentrix alimenya viazi maganda yakawa manene, na viazi vikabaki kama mbegu.

Halafu tarehe zikagongana. Nyama ilitakiwa kuliwa kabla mbuzi hajaonyeshwa akiwa hai. Jentrix akawaomba walimu wabadilishe. Kisemei akasema jamii si somo lake. Wa jamii akasema mbuzi aliye hai hagawiwi. Wa biashara akasema yeye anataka risiti tu.

Mwanamke akapanga. Asubuhi akamuuzia Samatar, mfanyabiashara wa mifugo pale sokoni, mbuzi mzima, akachukua risiti. Saa sita akarudi kununua nyama ya mbuzi huyo huyo.

"Mama mwalimu," Samatar akasema, kisu mkononi, "kama ulitaka nyama, kwa nini umeniuzia?"

"Ni masomo."

"Masomo ya kupoteza?"

Kwa karatasi tulipata faida. Jikoni sijui.

Samatar, Mwislamu kama jirani yetu Safiyo, alichinja mwenyewe, ndio Safiyo pia ale. Safiyo alipewa mbavu. Omolo alipewa mguu wa nyuma. Kaveke fundi wa viatu alichukua kichwa. Metito, mzee wa boma la nyuma yetu, alikula figo likiwa bichi, hapo hapo, hakungoja kuandikwa. Jentrix alizunguka na kalamu akiuliza kwa nini. Omolo alimwambia, "Kwa sababu umenipa, shemeji."

Ikabaki sayansi. Tukaenda kwa Metito.

"Takwenya, Mama Khisa," akamsalimia Jentrix kwa Kimaasai.

"Iko, mzee. Naomba mbuzi mweupe wa siku moja."

"Anaenda wapi?"

"Chuo."

Metito akacheka mpaka akashika fimbo vizuri. "Watamjua."

"Mzee, mbuzi mweupe ni mbuzi mweupe."

"Kwenu," Metito akasema, akampatia.

Sisi watu wa Bungoma kuku tunamjua hata kwa sauti. Mbuzi tunamjua kwa rangi.

Tulimvuta juu kwa ngazi, mimi mbele, Jentrix akisukuma. Kisemei hakuinuka kwa kiti. Aliangalia mara moja tu.

"Metito hajambo?" akasema.

"Nani?" Jentrix akauliza.

"Mwenye mbuzi." Akatuonyesha sikio. Lilikuwa limekatwa alama pembeni, alama ya boma la Metito, na kwa hao watu hiyo ni kama jina. "Wako hakuwa na alama. Wako yuko wapi?"

"Ameliwa."

"Na nani?"

"Na somo la jamii."

Kisemei hakukasirika. Hiyo ndiyo ilinitisha. Akasema, "Mwaka jana mtu aliniletea uzito wa ng'ombe ambaye hakuzaliwa. Mama, mimi nataka kumwona mbuzi wako. Vile alivyo. Jumatatu. La sivyo rudia mwaka."

Kurudia mwaka ilikuwa kupoteza kazi. Jentrix alikaa kwa ngazi, kamba mkononi. Nikajua analia kwa vile mabega yalikuwa yanaenda. Halafu yakaacha.

"Amesema vile alivyo," akaniambia. "Inuka, Baba Khisa. Somo la jamii niko nalo kwa kichwa."

Tukazunguka kwa majirani tukiomba mifupa. Safiyo alikuwa ametupa yake kwa shimo la takataka. Akaichakura, akaiosha kwa maji ya moto, akaifunga kwa kitambaa safi. "Kama mnamzika mniambie nije," akasema. Mguu wa Omolo ulikuwa na mbwa wa Omolo, na mbwa hakutaka kusikia mambo ya cheti, mpaka tukamnyang'anya mfupa. Kaveke alikuwa ametundika fuvu kwa mlango wa kibanda. "Hili sasa ni la wateja," akasema. Jentrix alilitoa mwenyewe.

Kwa Metito tukakwama.

"Figo halina mfupa," akasema.

"Najua, mzee. Ndiyo shida."

Metito akafikiri. "Nitakuja mwenyewe. Liko ndani."

Jumatatu tulimpanga mbuzi kwa ile meza ya walimu, kichwa dirishani, miguu mlangoni. Metito aliweka kiti karibu na kiuno cha mbuzi, akakaa na blanketi lake. Mwalimu wa jamii akaingia akasema hiyo ni kazi yake. Wa biashara akasema kwa risiti mbuzi ni wa Samatar, aitwe. Ilikuwa mara ya kwanza hao watu kuongea.

Kisemei hakuwasikiza. Aligeuza mguu mmoja. "Huu ni wa kushoto." Akaondoa mfupa mwingine akauweka chini. "Huu ni wa ng'ombe." Mbwa wa Omolo alitudanganya. Akafika kwa Metito.

"Na wewe, mzee?"

"Mimi ndiye figo."

Kisemei akamwandika. Halafu akachukua fuvu, akaangalia meno muda mrefu.

"Alikula vizuri huyu," akasema. Akamgeukia Jentrix. "Umepita, mama. Ondoa mbuzi, kuna darasa."

Januari Jentrix alirudi kwa watoto wake, na cheti kikakaa kwa ofisi ya mkuu mpaka Jentrix alipougua.

Lakini siku hiyo tulitembea kwenda nyumbani, mifupa kwa gunia, mimi nikibeba. Tulipopita soko akasimama.

"Baba Khisa, sasa nataka diploma."

Nikamwambia, "Mama Khisa, majirani watahama."

Akacheka mpaka akakaa chini kando ya barabara, na nguo yake nzuri, kwa vumbi. Watu wakatuangalia. Niliweka gunia chini nikangoja amalize. Alichukua muda. Sikuwa na haraka.

Sasa pia sina.