Taa ya Gadi Ndung'u

Mwalimu Warigia hakuiba taa. Hilo na liwekwe sawa kabla ya mengine, kwa sababu kufikia Jumatatu Kaloleni nzima ilikuwa inasema ameiba, Shauri Moyo wanasema amempiga mshereheshaji kofi, na huko Kariobangi habari ilikuwa kwamba ajuza mmoja amepora kapu la mchango wa watoto wagonjwa na kutoka mbio. Mwalimu ana miaka sabini na mitatu na goti la kushoto lisilokunjika vizuri. Mbio hizo angezitoa wapi?

Taa yenyewe ni ya mkono, ya gadi wa treni, yenye kioo chekundu upande mmoja na cha kijani upande wa pili. Mumewe, Ndung'u, aliibeba miaka ishirini na sita katika behewa la mwisho la treni za mizigo, na alipostaafu aliruhusiwa kwenda nayo nyumbani. Alipofariki, Warigia aliitundika kwenye msumari juu ya redio. Kila Jumamosi baada ya kupiga deki huishusha, akapangusa vioo kwa kitambaa kikavu, akairudisha. Kazi hiyo hamwachii mtu.

Ndung'u alikuwa na desturi yake. Katika harambee zote alizohudhuria, na mtu wa reli alialikwa nyingi, jina lake halikusomwa hata mara moja. Alitia mchango wake katika bahasha isiyoandikwa kitu, akampa mweka hazina mkononi, akarudi kuketi nyuma. Msomaji majina akiuliza, "Na gadi je?" yeye hujibu, "Gadi yuko." Basi. Warigia, aliyefundisha shule ya msingi miaka thelathini na mmoja na kuzijua familia za mtaa kwa mwandiko wa watoto wao, aliona hiyo ndiyo sehemu kubwa ya urithi alioachiwa.

Mwezi wa tatu vizibao vya njano viliingia mtaani. Lilikuwa shirika liitwalo Mkono wa Jirani, likichangisha fedha za matibabu ya watoto wenye maradhi ya moyo. Watoto hao walikuwepo kweli, na Warigia hakuwahi kusema vinginevyo. Kilichowachosha watu ni namna ya kuomba. Kijana wa kizibao hukukuta kituo cha basi, na kabla hujaitikia salamu amekubandika kibandiko cha moyo kifuani. "Ushavaa sasa, mzazi. Lipia." Khadro, mwenye duka la maziwa na mkate karibu na jumba la mikutano, alilipa mara tatu wiki moja kwa kuwa vibandiko havikushika kwenye buibui lake. Milango ilibishwa asubuhi na ikabishwa tena jioni. Obura, fundi wa viatu, mtu mzima wa miaka sitini, alizoea kuzima televisheni na kulala chini nyuma ya kochi mpaka nyayo zipite. Kisha wakaunda kundi la WhatsApp, wakaingiza humo kila nambari waliyoipata bila kumuuliza mwenyewe, na kila jioni wakaweka orodha mbili: waliotoa, na chini yake, kwa herufi kubwa, BADO.

"Wanatukaba kama wezi," Obura alisema dukani.

"Mwizi hukukaba mara moja," Khadro akamjibu. "Hawa wanarudi kesho kukujulia hali."

Watu walicheka. Lakini kila mmoja alipofika kwake alituma chochote, jina lake lipande juu.

Familia ya Gadi Ndung'u ilikaa kwenye orodha ya chini siku kumi na tisa.

Jumatano, siku tatu kabla ya harambee kubwa ya shirika hilo katika jumba la mikutano, Warigia alikwenda kliniki kupimwa presha. Nyumbani alikuwa binti yake, Nyawira, ambaye hushona nguo za oda pale sebuleni. Mkuu wa vizibao, msichana aitwaye Shirleen, akaingia na wenzake wawili.

"Mama hayuko," Nyawira akasema.

"Hakuna noma, tutamngoja." Shirleen akakaa kochini. "Unashona poa, dadangu. Lakini hii familia yenu kila siku iko bado. Watu wanaongea, si mimi."

"Wanasema nini?"

"Ati mzee alikuwa mkono birika, na mmerithi."

Wakakaa dakika arobaini. Mmoja aliomba maji, mwingine akaomba kuchaji simu. Gauni la bi harusi lilikuwa linangojwa na mguu wa Nyawira haukukanyaga cherehani hata mara moja. Mwishowe Shirleen akaelekeza kidole juu ya redio.

"Si lazima pesa. Toeni kitu cha mnada. Hiyo taa je? Si unajua mnada wetu? Kitu kinanunuliwa, kinarudishiwa mwenyewe. Jumamosi itakuwa hapo hapo kwa msumari."

Nyawira alikulia kwenye harambee za jumba lile na alijua ndivyo ilivyo. Kuku mmoja hununuliwa, akarudishwa, akanadiwa tena hata mara nne, na jioni mwenye kuku anaondoka naye kwapani. Hakuna mtu wa Kaloleni angekwenda nyumbani na kitu cha jirani. Akaishusha taa, akawapa. Hakufikiri kwamba Mkono wa Jirani si watu wa mtaa, na kwamba wageni waliowaalika hawakuwa na habari ya kurudisha.

Warigia aliporudi aliona msumari kabla hajavua viatu.

"Sikutaka wamseme baba," Nyawira akasema.

"Watamsema tu," mama yake akajibu. "Harambee inaanza saa ngapi?"

Jumamosi saa nane jumba lilijaa. Mshereheshaji alikuwa Matheka, kijana wa hapo hapo mtaani, mwenye kipaza sauti na suti ya kung'aa. Alianza kwa mzaha unaojulikana: "Mlango ufungwe! Hatoki mtu mpaka tufikishe lengo!" Watu wakacheka kama kawaida. Safari hii komeo lilitiwa kweli, na vizibao viwili vikasimama mbele yake.

Kuku aliuzwa mara tatu na kurudi kwa mwenyewe kwa makofi. Kisha Matheka akainua taa.

"Taa ya marehemu Gadi Ndung'u! Mjane wake yuko hapa. Simama tukuone, Mwalimu!"

Warigia hakusimama.

"Ana haya, ama mkono mzito? Elfu tatu, Mwalimu, mzee arudi nyumbani!"

Mwanamume mmoja mgeni, mfanyabiashara wa vyuma chakavu, akanyosha mkono. "Elfu nne."

"Na utaifanyia nini, boss?"

"Mimi hupima kwa kilo tu."

Jumba likaangua kicheko. "Mwalimu, umesikia?" Matheka akapaza sauti. "Mzee anapimwa kwa kilo! Elfu tano tumwokoe!"

Warigia akainuka. Kwa goti lile, kutoka kiti chake mpaka jukwaani ni mwendo, na kicheko kilikuwa kimekwisha kabla hajafika.

"Matheka."

"Ndiyo, Mwalimu." Alikuwa amekishusha kipaza sauti bila kujijua; darasa la tano lilikuwa limemrudia.

"Nani ametoa taa hii?"

"Hapa imeandikwa familia, Mwalimu."

"Mwenye taa ni mimi, na mimi sijaitoa."

"Lakini ni ya watoto, Mwalimu..."

"Watoto wachangiwe. Mume wangu hanadiwi."

Akaishika taa kwa mpini wake wa juu, akaininginiza ubavuni kama Ndung'u alivyoibeba enzi zake, akaenda mlangoni. Hakuificha. Watu mia mbili walimwona.

Shirleen alikuwa mbele ya komeo. "Shosh, toa hata mia moja basi, tufungue."

"Mimi si nyanya yako. Fungua."

Alisimama tu, taa mkononi. Baada ya muda Khadro naye akainuka na mkoba wake, akasimama nyuma yake. "Na mimi nimeliacha duka," akasema, bila kumwambia mtu yeyote hasa. Akafuata Obura. Mstari ulipofika katikati ya jumba, komeo likavutwa. Walitoka watu wapatao arobaini, na lengo halikufikiwa.

Jumapili kundi la WhatsApp lilipata ujumbe mpya: mchango umepungua kwa sababu kuna mtu aliyechukua mali ya mnada. Huo ndio mwanzo wa habari zote za wizi. Miongoni mwa waliousambaza ni wale wale waliopanga mstari nyuma yake, kwani waliotoka mapema nao walihitaji wa kulaumiwa.

Jumatatu Matheka na Shirleen wakaja nyumbani bila vizibao. Nyawira akawapa chai.

"Mwalimu, tunataka tuyamalize," Matheka akasema. "Tutaje kiasi, tuandike Familia ya Gadi kule juu, tuseme hatukuelewana. Umbeya unakufa leo."

"Na kama sijatoa?"

"Tutaandika tu," Shirleen akasema. "Ni jina lisafishwe."

"Gadi hakusomwa akiwa hai," Warigia akasema. "Kunyweni chai, inapoa."

Walikunywa, wakaondoka. Nyawira akakusanya vikombe polepole. "Mama, si ungewaacha waandike? Ni mstari mmoja."

"Ungekuwa mstari mmoja wasingekuja wawili."

"Na sisi tuitwe wezi?"

"Mimi ndiye ninayeitwa. Wewe shona."

Alasiri yake alikwenda kununua maziwa. Pale dukani palikuwa na Obura na wanawake watatu, na mazungumzo yalikatika alipoingia. Khadro akampa pakiti, akainama juu ya kaunta, akashusha sauti, ingawa katika duka lile hakuna sauti isiyosikika.

"Mwalimu, mimi nilisimama na wewe. Nataka niwazibe midomo. Niambie mimi tu: bahasha kama zile za Gadi, ulipeleka ama hukupeleka?"

Obura akaacha kutafuna mkate. Mwanamke mmoja aliyekuwa anatoka akarudi ndani kana kwamba amesahau sukari. Neno moja lingetosha, na wote walikuwa tayari kuliamini.

"Taa sikuiba," Warigia akasema. "Iko kwenye msumari, anayetaka aje aione."

"Hiyo tumesikia. Na bahasha?"

"Nipe chenji yangu, Khadro. La bahasha sisemi."