Mikono ya Marwa Haikuwa Yangu Kuitoa

Nakumbuka mchana mmoja wa siku ya soko, pale Isebania, niliposimama mbele ya wafanyabiashara nikamwaibisha rafiki yangu, nao wakanipigia makofi. Makofi yale, mwanangu, bado nayasikia. Umekuja kuniambia kwamba mmeunda kikundi cha kuzima moto huko mjini Homa Bay, na kwamba wakubwa wenu wamewaonya msitaje malipo, eti kazi ya kujitolea haina bei. Umeniuliza kama nakubaliana nao. Sikubaliani nao hata kidogo. Kaa nikueleze kwa nini.

Ilikuwa miaka ya tisini. Nilikuwa nimetoka huku kwetu nikahamia mpakani mwa Kenya na Tanzania kutengeneza redio. Isebania ya wakati huo ilikuwa malori, wabadilishaji wa pesa, na petroli ya kuuzwa kwa mitungi ya plastiki, iliyopangwa kando kando ya vibanda vya chipsi. Unaweza kufikiria. Gari la zima moto hatukuwa nalo, basi tukajikusanya watu kumi na wanne. Tulikuwa na ndoo, magunia ya kulowesha maji, mashoka mawili, na ringi ya gurudumu la lori tuliyoining'iniza kwenye nguzo. Ikigongwa, kila mmoja wetu aliacha alichoshika akakimbia. Wenzangu walinichagua kuwa kiongozi, nadhani kwa sababu nilijua kuongea. Kujua kuongea kumeniponza mara nyingi maishani.

Aliyetuzidi sote kwa kazi alikuwa Marwa, fundi seremala, Mkuria wa hapo hapo, mtu mpole. Akitazama paa linaloungua alijua litaangukia upande gani, maana mengi aliyapaua yeye mwenyewe. Mara nyingi tulitoka salama kwa sababu Marwa alisema, "Tokeni sasa."

Siku hiyo ya makofi, mwenyekiti wa soko alikuwa ameitisha mkutano wa kutushukuru, kwani tulikuwa tumeokoa maduka kadhaa. Alikuwa mfanyabiashara wa nguo za jumla, mwenye ghala kubwa. Alipomaliza kutusifu, Marwa akainua mkono.

"Shukrani tumepokea," alisema. "Lakini nikikimbilia moto, kazi yangu ya siku hiyo imekwenda. Na nikiungua, nani atanitibu? Naomba soko litulipe kidogo kila tunapoitwa, na mtu akiumia, atibiwe."

Mwenyekiti akanitazama mimi, nami nikajiona mkubwa. Nikasimama.

"Marwa, omera, ndugu yangu, tangu lini tumeanza kuuza huruma?" nikasema. "Anayetaka mshahara aende akatafute kazi. Sisi tumejitolea, sote kumi na wanne, na hatudai kitu."

Ndipo makofi yakapigwa. Marwa akakaa chini. Hata hivyo hakutoka kwenye kikundi. Ringi ilipogongwa tena, wiki chache baadaye, yeye ndiye aliyetangulia.

Ilikuwa saa saba mchana, upepo ukivuma. Mafuta ya chipsi yalimwagika kwenye jiko, yakawasha mitungi ya petroli iliyokuwa pembeni, na kabla hatujajaza ndoo za kwanza moto ulikuwa umefika kwenye paa la kibanda kilichopakana na ghala la mwenyekiti. Mabati ya paa hilo yalikuwa yamepigiliwa mpaka kwenye ghala. Marwa aliona mara moja kwamba yasipong'olewa, ghala lingeshika, na baada ya ghala soko lote. Akajifunga magunia mabichi mikononi, akapanda.

Alikuwa aking'oa bati moja baada ya jingine huku sisi tukimrushia maji kutoka chini. Mengi hayakumfikia. Magunia yakakauka, kisha yakashika moto. Nikamwita ashuke. Alikuwa amebakiza mabati mawili, na hakushuka mpaka alipoyang'oa yote. Soko likapona. Mikono ya Marwa haikupona.

Tulimpeleka hospitali Migori kwa lori la mahindi. Siku ya nne mwenyekiti akaniita. Alikuwa na kreti ya soda na barua iliyopigwa chapa vizuri, yenye muhuri, inayomwita Marwa shujaa wa soko. Akaniomba nimpelekee kwa niaba ya wote. Nilivaa shati safi, mwanangu. Nilikwenda nikiwa na furaha, nakuambia ukweli.

Nilimkuta mama yake kando ya kitanda, mama mzee aliyekuwa akiuza wimbi sokoni kwetu. Marwa alikuwa amelala, mikono yake imefungwa bandeji mpaka kwenye viwiko. Yule mama hakujua kusoma, akaniomba nimsomee barua. Nikaisoma yote, polepole, kwa sauti nzuri.

"Sasa nisomee mahali walipoandika watoto wake watakula nini," akasema.

Nikamwambia hapajaandikwa.

"Basi nisomee mahali walipoandika nani atalipa dawa."

Nikaikunja barua nikampa.

"Nilikuwepo kwenye ule mkutano," akasema. "Nilikusikia. Kama wewe ulitaka kutoa mikono yako bure, ungetoa yako. Ya mwanangu alikupa nani?"

Hakupaza sauti. Alinirudishia ile barua akageuka kumpangusa mwanawe jasho. Nilitamani ardhi inimeze. Marwa, kumbe, hakuwa amelala. Alifungua macho akaniambia, "Siku ile uliongea vizuri. Hata mimi nilikaribia kupiga makofi." Akacheka kidogo. Kicheko kile kiliniuma kuliko maneno ya mama yake.

Niliomba msamaha pale pale. Lakini nilijua kwamba msamaha wa hospitalini, nilioomba mbele ya watu wawili, haukutosha kufuta maneno niliyosema mbele ya soko zima. Nikarudi Isebania nikawakusanya wenzangu. Siku ya soko iliyofuata tulibeba ndoo, mashoka na magunia, tukayaweka mlangoni mwa ghala la mwenyekiti, watu wakitazama.

"Hii ni nini?" akauliza.

"Ni vyombo vya soko," nikamwambia. "Nilimwaibisha Marwa hapa, na nilikosea. Kuanzia leo tukiitwa, tunalipwa. Anayeumia, soko linamtibu, na linaanza na Marwa."

"Kwa hiyo mtaacha watu waungue?"

"Mtu hataungua tukiwa hai. Tutaingia kumtoa, na hatutamdai senti. Lakini bidhaa zako ni mali yako. Ukitaka nihatarishe mwili wangu kwa ajili ya mali yako, nilipe, kama unavyomlipa dereva na mlinzi wako."

Akasema tumepotoshwa na tamaa. Wengine wakasema tumekosa imani, na mzee mmoja wa kanisa alituambia tutalipwa mbinguni. Nikamuuliza kama na yeye mahindi yake huyauza mbinguni. Sikumjibu kwa adabu, najua, lakini hata leo siwezi kusema najuta.

Haukupita mwezi, soko likiwa bado limekataa kulipa, ringi ikagongwa. Stoo ya mfanyabiashara mmoja wa mahindi ilikuwa inawaka. Tulikimbia kama kawaida. Tukaingia, tukahakikisha hamna mtu, tukabomoa kibanda kilichopakana nayo ili moto usiruke. Kisha tukasimama. Mwanangu, hulijui jambo gumu kama lile kwa sababu hujawahi kulifanya. Mikono ilikuwa inaniwasha kuchukua ndoo. Mwenzetu mmoja alilia. Wanawake walitutukana matusi ambayo sitakutajia, na mwenye mahindi aliniomba kwa jina la mama yangu. Magunia yake yakaungua mbele ya macho yetu. Sikulala vizuri siku nyingi, na sitaki udhani nilifurahia. Lakini tuliposimama pale, wafanyabiashara wote walielewa, kwa mara ya kwanza, kile walichokuwa wakipokea miaka yote ile bila kukiona.

Wiki ile ile walikubali. Kila mwenye kibanda alichanga siku ya soko, sisi tukalipwa kila tulipoitwa, na matibabu ya Marwa yakalipwa. Hata yule mwenye mahindi alichanga, ingawa hakunisalimia tena mpaka nilipohama. Wenzetu wawili waliacha kikundi, wakasema pesa zimeharibu jambo jema. Sikuwalaumu. Marwa hakushika tena randa. Vidole vya mkono wa kulia vilijikunja vikabaki hivyo. Soko lilimwajiri atunze vyombo na awafundishe wapya kusoma paa, akapata mshahara wa kila mwezi, akasomesha watoto wake. Ningependa kukuambia kwamba hilo lilitosha. Halikutosha. Kama ningenyamaza siku ile ya mkutano, au kama ningemuunga mkono, angepanda juu akiwa na glavu za ngozi zilizonunuliwa na soko.

Basi nasaha yangu ni hii. Watakuambia ukilipwa moyo wako utakufa. Muuguzi analipwa, mwalimu analipwa, mchungaji naye anapewa chakula chake, na hakuna anayesema mioyo yao imekufa. Angalia anayekuhubiria kujitolea ni nani: mara nyingi ni yule ambaye mali yake ndiyo itakayookolewa. Mtu akiwa ndani ya moto, mtoe kwanza, usimuulize ana nini mfukoni. Hilo si la kujadiliwa. Lakini kabla moto haujawaka, kaa mezani na wakubwa wenu, dai malipo, dai vifaa, dai matibabu, na usiinamishe kichwa unapodai. Na wewe ukipewa uongozi, jitolee mwenyewe kadiri unavyopenda, ila usimtolee mwenzako mwili wake. Akisimama mmoja wenu na kusema anahitaji kulipwa, simama karibu naye, hata kama watu wote wanakutazama wewe.

Nenda, mwanangu. Mungu akulindie macho, mapafu na hiyo mikono yako miwili. Akupe ujasiri wa kuingia kunapowaka na akutoe salama, na kila utakayemwokoa akija nyumbani kwako akukute umeshiba, watoto wako wameshiba, na huna haya mbele ya mtu yeyote.