Mama Uji Aliyeteremka Kileleni

Mtaani wanamwita Mama Uji, na wala hawakumwonea. Tangu akiwa bibi harusi aliwapikia wapanda mlima kwenye kibanda kilicho karibu na kilele, na huko juu maji huchemka upesi lakini hayana makali; maharage yanataka kutwa nzima. Daktari alipomwambia moyo wake hauiwezi tena hewa ile nyepesi, akateremka, akamwacha mumewe juu, akaendelea kupika kwa mazoea yaleyale, na kila sufuria ikatoka uji. Majirani walicheka mpaka wakashika mbavu. Naye alicheka nao, kisha akaingia ndani akanuna.

Maana aliukumbuka mlima, jamani, aliukumbuka vibaya sana. Mchana jua la kubabua ngozi, usiku baridi ya kupasua mawe, na hapo sitii chumvi: maji yaliingia kwenye nyufa, yakaganda, yakafura, na alfajiri unasikia mwamba unaachana, tah. Mumewe, mtunza kibanda, alikuwa akimwamsha wasikilize wote. Mlima ule ulizaliwa na moto, na nyuma ya kibanda pana changarawe yenye joto mpaka leo. Hapo ndipo walipokuwa wakipasha miguu joto, wakiwasengenya wageni.

Sasa barafu iliyowapa maji ya kunywa imeisha, kibanda kimefungwa, na mume ameteremka na kifua kibovu. Tangu aje hajatulia. Asubuhi moja Mama Uji alimkuta kwenye kochi anafunga kamba za viatu vya mlimani.

"Unakwenda wapi, baba watoto?"

"Kuangalia paa la kibanda tu. Nitarudi."

Mama Uji alijua harudi. Kwa kikohozi kile angefika nusu ya njia, basi, imetoka hiyo.

"Haya, twende wote."

"Acha utani. Wewe daktari alikukataza."

"Na hicho kifua chako kimepewa ruhusa na nani?"

Mzee akainama, akazifungua kamba taratibu, akavisukuma viatu chini ya kochi.

"Umeniweza, mama watoto. Vitisho vyako sivimudu."

Mama Uji akaenda jikoni, akajifanya anaosha vikombe, akalia kimyakimya. Hakuwa akimtisha. Alitaka kwenda.