Bunduki ya Upepo na Mpunga wa Mama

Ninyi wenzangu mliokua wakati betri za redio zinaanikwa juani ili zipate uhai, nadhani bado mnakumbuka: siku zile kitu kisichomtoa mtu jasho hakikuhesabiwa kuwa kitu. Baiskeli nzuri ilikuwa ile nzito. Dawa ya kweli ilikuwa chungu, na mwalimu wa kweli alikuwa yule ambaye ukimwona kwa mbali unaingia vichakani. Tulitafuna michembe, viazi vile vya kukaushwa, mpaka taya zikauma, jioni tukacheza kombolela hadi vumbi likatubadilisha rangi, na hakuna aliyelalamika. Wanangu nikiwasimulia haya hunitazama kwa huruma. Juzi mmoja aliniomba nimmenyee yai la kuchemsha kwa sababu amechoka. Amechoshwa na nini sijui, maana tangu asubuhi kiungo pekee kilichofanya kazi mwilini mwake kilikuwa kidole gumba.

Kwetu ni kijiji cha jirani na Kharumwa. Baba alikuwa mkulima wakati wa mvua na mchimbaji wa dhahabu wakati wa kiangazi, na kama wachimbaji wengi, utajiri wake ulikuwa wa mwakani. Mwaka mmoja alirudi kutoka machimboni bila mabati aliyotuahidi. Alirudi na bunduki ya upepo, ile ya kukunja: unaushusha mtutu, springi ya ndani inabanwa, ukifyatua springi inasukuma pistoni, pistoni inasukuma hewa, na hewa inatoa kirisasi kidogo kama punje ya mtama. Mama aliitazama bunduki, akalitazama paa letu la nyasi, akasema, "Haya, karibuni nyumbani."

Lakini mama hakuwa mtu wa kuacha kitu kikae bure. Mtama ulikuwa umekauka shambani mwaka ule, na tegemeo letu lote lilikuwa mpunga wake wa majarubani. Mpunga huo ukiliwa na ndege, sisi tusingekula. Kweleakwelea walikuwa wameshauona. Basi mama akatundika debe tupu juu ya nguzo katikati ya jaruba, akakaa kwenye tuta na bunduki ya baba. Aliikunja kwa mkono mmoja, mkono uliozoea mchi, mdogo wangu akiwa mgongoni amelala. Paa! Debe linalia, ndege wote wanaruka. Hakuua hata mmoja, wala hakuwa na haja hiyo.

Jirani yetu Baba Shija alimwona. Jioni, kwenye pombe, akasema mbele za watu, "Baba Limi, bunduki yako inakunjwa na mwanamke mwenye mtoto mgongoni. Hiyo ni bunduki au mwamvuli?"

Limi ni mimi, na baba wa Limi hakuimaliza pombe yake. Kesho yake aliifunga bunduki kwenye baiskeli, akaipeleka kwa fundi wa mashine za machimboni. Fundi akaitoa springi ya kiwandani, akaitupa kwenye vyuma chakavu, akashindilia nyingine nene aliyoichomoa kwenye mashine mbovu. Baba alirudi anatabasamu. "Hata fundi mwenyewe anaiogopa," alituambia.

Kweli ilikuwa ya kuogopwa, hasa na mwenye nayo. Baba alijaribu kuikunja amesimama, akajaribu amekaa, akakiegemeza kitako cha bunduki tumboni mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Mwishowe Baba Shija alining'inia kwenye mtutu ndipo ikakubali. Wakalilenga debe. Bunduki ikaruka kama ndama, risasi ikaenda inakokujua yenyewe. Majirani waliokuja kutazama wakasaidia kuikunja tena, safari hii debe likapatikana, nalo likalia kwa sauti ileile ya siku zote. Nimekuja kuelewa ukubwani kwamba hewa iliyokuwa mle ndani haikuongezeka, na jasho lote lililozidi liliishia kumtikisa mpigaji. Lakini nani angesema hivyo siku ile? Baba Shija alikipuliza kiganja chake chekundu, akatangaza, "Hii sasa ina nguvu!" Wanaume wote wakakubali, kwa kuwa wote walikuwa wanaumwa mikono.

Mama hakuweza tena kuikunja, na kabla wanaume wawili hawajapatikana ndege walikuwa wameshashiba. Tukapewa kazi ya kuamia ndege sisi watoto, kwa makopo na kelele. Nilikosa shule, sauti ikanikauka, na bado jaruba la kwanza likaliwa lote. Namkumbuka mama amepiga magoti kwenye tope, anaminya suke moja baada ya jingine, yote matupu. Alilia. Sikuwa nimewahi kumwona akilia, na niliogopa kuliko nilivyoogopa njaa yenyewe.

"Baba Limi, rudisha springi ya zamani," alimwomba. "Watoto watakula nini?"

"Nirudi nyuma?" baba alishangaa. "Watu watasemaje?"

Siku iliyofuata mama alikwenda kisimani, na kwa sauti ya kuwafikia wanaume waliokuwa wananywesha ng'ombe, akamwambia Mama Shija, "Ile bunduki, kijiji hiki hakina mwanaume wa kuikunja peke yake. Hata mumeo alisaidiwa. Ila nyumbani sitaki wajaribu, watanivunjia vyungu. Anayejiona dume aje jarubani, alfajiri."

Walikuja. Wanaume waliokuwa wanasema kuamia ndege ni kazi ya watoto na wanawake, walifika kwenye tuta la mama kabla ya jua. Mmoja anakunja, wengine wanamshangilia, wengine wanamzomea, aliyeshindwa anaapa kwa jina la babu yake, anayefuata analipiga kopo la watoto teke kwa hasira. Kelele zao zilifika kijiji cha pili. Kweleakwelea walizunguka juu, wakaona mambo hayo, wakaenda kula kwa watu wengine. Mama alipita na kata ya togwa akisema kwa upole, "Jana uliikaribia sana, Baba Shija. Kesho usichelewe." Habari zikafika machimboni, wakaja na vijana wa huko, vifua wazi. Mchezo haukukoma mpaka mpunga ukaiva. Wako wanaoapa kwamba waliikunja peke yao, ila kila mmoja aliikunja siku ambayo wenzake hawakuwepo.

Siku ya mavuno baba alisimama kando ya lundo la mpunga, mikono kiunoni. "Umeona, Mama Limi? Bunduki yangu imetuokoa."

"Nimeona, Baba Limi," mama alisema, na sisi watoto tukainama haraka kuokota masuke.

Baba ametutoka sasa. Majaruba yapo, na mdogo wangu, yule aliyekuwa analala mgongoni, amemnunulia mama spika inayotumia jua. Unabonyeza kitufe, inalia kama mwewe, basi. Hakuna kukunja wala kutokwa na jasho. Ndege waliiogopa siku chache, sasa wanaitumia kupumzikia. Nilipokwenda kumsalimia msimu huu tulikaa wawili kwenye tuta alfajiri, spika inalia peke yake. Vijana wa kijiji walikuwa wamelala, simu zao zikiwa vifuani. Nilimkumbuka baba alivyokuwa anaguna, uso umemvimba, na nikatamani nimsikie hata mara moja tu.

"Mama, nitakununulia spika kubwa zaidi," nilimwambia.

Mama aliangalia lile tuta ambako wanaume walikuwa wanajipanga.

"Acha, Limi. Hawa ndege nawaweza," alisema. "Ninachokosa siku hizi ni wanaume wa kuwadanganya."