Nyaya Alizozitunza Mama

Sisi tuliokulia Kampala baada ya vita vya themanini na sita tunakumbuka jinsi umeme ulivyokuwa mgeni. Ukirudi jioni, mtaa mzima ulipiga makofi, kisha kila mtoto akakimbizwa kumalizia kazi ya shule kabla haujaondoka tena.

Baba alitutoa Kisumu akaja kuuza vipuri vya magari. Tulipanga vyumba viwili kwenye ghorofa kuukuu karibu na soko la Owino, lililojengwa na Wahindi waliofukuzwa nchini kabla sijazaliwa. Asubuhi tuliamshwa na kelele za wauza mitumba na harufu ya chapati. Kuta zilikuwa na matundu, ngazi hazina pa kushika, lakini nyaya zake za umeme! Zilipita juu ya vibao vyembamba, zimeshikwa na vibanio vidogo vya bati vilivyopangwa sawasawa kama vifungo vya shati. Zikifika kwenye kona zilijikunja zote pamoja, taratibu, bila waya mmoja kukanyaga mwingine. Mvua ikituzuia kucheza nje, tulilala chali sakafuni tukishindana kuufuata waya mmoja kwa macho, kutoka swichi kuu hadi kwenye taa. Aliyepepesa alitolewa.

Mama alizipenda zaidi yetu. Kila Jumamosi alizima swichi kuu, akapanda stuli, akazipangusa vumbi kwa kitambaa kikavu. "Aliyefunga hizi alikuwa anajiheshimu," alikuwa akituambia.

Vyumba vya jirani nyaya zilishang'olewa wakati wa vita, shaba ikauzwa. Wanunuzi wa vyuma chakavu walipanda ngazi kutubembeleza. Biashara ilipozorota, Baba alianza kuwasikiliza. Mama akakataa katakata, tukala mihogo mitupu mpaka mambo yalipotengemaa.

Kisha Wahindi wakaanza kurudishiwa majengo yao. Siku moja bibi mmoja aliyevaa sari na raba alibisha hodi, akasema nyumba ni yake. Mama akamkaribisha chai, ingawa alijua tutahamishwa. Yule bibi hakukaa. Alisimama katikati ya chumba, akitazama juu.

"Hii waya alifunga kaka yangu," akasema. "Nani alikuwa anachunga?"

"Ni mimi, Mama," Mama akajibu.

Bibi akaeleza kwamba kaka yake alifia ng'ambo, na kule hakupata tena kazi ya umeme. Alifagia kiwanda hadi mwisho. Bibi akagusa ukuta kwa kiganja, kisha akakaa, akanywa chai. Alituambia tubaki mpaka shule zifungwe. Zilipofungwa, akatuacha tukae mwaka mwingine. Lakini alipofariki, wanawe waliamua kubomoa wajenge maduka, nasi tukahamia mtaa wa Kansanga. Mama alilia njia nzima ndani ya lori.

Siku hizi nyumba yangu ina nyaya zilizofukiwa ukutani, na wanangu wakikosa chaji dakika tano utadhani wamefiwa. Jumapili moja niliwapeleka pale jengo letu lilipokuwa. Pamejaa maduka ya simu, na nje nyaya zimening'inia nguzoni kama tambi zilizomwagika. Binti yangu akaniuliza, "Mami, tumekuja kuangalia nini?"

Nikainua uso, nikajaribu kuufuata waya mmoja kwa macho, ukanipotea. Nikamshika mkono, tukaendelea kutembea.